Historia ya Kiguu, Mpima Maji wa Bwawa la Pampu

Ndugu waombolezaji,

Sehemu kubwa ya historia hii aliisimulia kwanza kaka mkubwa wa marehemu, fundi bomba mstaafu, alasiri ya Jumapili tarehe 13 Februari 2022, sebuleni kwa marehemu, wiki aliyorudi kutoka hospitali, na ikumbukwe kwamba kaka hakuisimulia peke yake, kwa sababu kila alipokosea mwaka au jina la kifaa, sauti ya marehemu ilimkosoa, mara kutoka jikoni, mara kutoka uani, mara kwa nje kupitia dirishani, maana hata siku hiyo, miguu ikiwa imevimba kama mito ya kulalia, hakukaa. Yaliyosemwa siku ile ndiyo yanayosomwa leo, pamoja na yaliyotokea baadaye, na tarehe zote zimehakikiwa.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea jengo la pampu, ambamo baba yake alikuwa mwangalizi wa mitambo, na mama yake alishona nguo za watu kwenye kibaraza. Mbele ya nyumba hiyo palikuwa na bwawa, lile lile tunaloliita mpaka leo Bwawa la Pampu, ambalo wakati huo lilinywesha mji mzima, lenye matete upande mmoja, mawe upande wa pili, na kingo za tope zilizoshuka majini polepole kiasi kwamba mtu hakujua ni wapi hasa ardhi ilikoma. Mvua za kwanza zikinyesha, vyura walipiga kelele mpaka watu waliokula pamoja wakasemezana kwa ishara, na baba alikuwa akisema, "Leo wana kikao, na mwenyekiti hana adabu," kisha anafunga dirisha, lisisaidie kitu. Marehemu alilala kwa kelele hiyo kama watoto wengine wanavyolala kwa kubembelezwa, na mwaka ambao mvua zilichelewa, mama alimbeba mgongoni akizunguka naye chumba kizima, mtoto macho makavu, akisubiri wimbo wake.

Alitambaa kidogo tu, akaona anachelewa, akasimama. Mama, ambaye macho yake yalihitajika kwenye sindano, alimfunga kwa kipande cha kitambaa kwenye mguu wa cherehani, na siku moja jirani aliikuta cherehani ile katikati ya njia iendayo bwawani, imelala ubavu, na mtoto mbele yake akivuta kama maksai.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza mwaka 1971, na hakuna mwalimu aliyefaulu kumkalisha kipindi kizima, mpaka alipofika darasa la nne, mwalimu wa sayansi, mtu mwenye subira, akaamua kumkabidhi kengele ya shule, akisema mbele ya wenzake, "Huyu kwa kuwa hakai, basi na asimame kwa faida," naye akaipiga kengele hiyo mpaka alipoondoka, na kengele haikuchelewa, ingawa mara kadhaa iliwahi. Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, akajiunga na chuo cha maji Januari 1976, na tarehe 25 Novemba 1977 akatunukiwa cheti cha upimaji wa maji, ambacho mama alikitundika ukutani juu ya cherehani ile ile.

Jumatatu tarehe 2 Januari 1978 aliajiriwa katika maabara ya idara ya maji, chumba chenye sinki refu la kauri, madirisha yaliyopakwa chokaa nusu, na viti vinne ambavyo yeye hakuvihitaji, kwa kuwa kazi aliyopewa ilikuwa ya kuzunguka mji na sanduku la chupa, akichota maji kwenye mabomba ya shule, zahanati, gereji na nyumba za watu, na kupima uchachu wake, ukungu wake, vijidudu vyake, na kiasi cha dawa kilichobaki, yaani ile klorini inayotiwa mtamboni ili kuua vijidudu. Wenzake walimwita Kiguu na Njia, baadaye wakafupisha, wakamwita Kiguu, nasi nyumbani tukalichukua jina hilo, na litatumika hapa, kwa sababu ndilo aliloitikia. Kazi aliipenda kwa ukali. Kwake maji yalikuwa ya aina mbili tu, yale unayoweza kumpa mtoto mchanga na yale usiyoweza, na mwenye nyumba akilalamikia harufu ya dawa, alijibiwa, "Harufu hiyo ndiyo mlinzi wako mama, ikikosekana piga mbio uniite." Maneno haya yawekwe akilini, maana yalikuja kumrudia.

Katika mzunguko huo ndipo alipokutana na mume wake, fundi saa mwenye kibanda chembamba kati ya duka la viatu na duka la vitabu, mtu ambaye tangu asubuhi hadi jioni alikaa kitako kimoja, lenzi jichoni, pumzi ameibana, akigusa kwa kibano vitu ambavyo wengine hatuvioni. Marehemu alimwachia saa yake asubuhi, akarudi kabla ya saa sita, akarudi tena mchana, na aliporudi jioni fundi, bila kuinua kichwa, akamwambia, "Dada, saa haiivi kwa kuchungulia chunguni." Marehemu akamjibu kwamba yeye hakufuata saa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1983, na watu waliuliza wazi wazi itakuwaje, mmoja hakai na mwingine hasimami, lakini nyumba yao ilikwenda, kwa sababu daima palikuwa na mtu wa kumfungulia mlango aliyetoka. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, tarehe 8 Juni 1985, wa pili mvulana, tarehe 19 Oktoba 1987, na wa mwisho binti, tarehe 3 Februari 1992, ambao wote watatu walijifunza kunyonya mama akitembea.

Wakati huo jengo la pampu lilikuwa limefungwa, mji ukipata maji kutoka mtambo mpya, baba alikuwa amefariki mwaka 1981, na bwawa likabaki bila mwenyewe. Juu yake, kwenye mfereji unaoliingia, waosha magari walifungua kituo chao, sabuni na mafuta machafu vikashuka, na mvua za mwaka 1995 zilipoanza, kaka, aliyekuwa akiishi na mama pale pale, akamtumia Kiguu ujumbe wa maneno mawili, njoo usikilize. Alikuja, akasimama kwenye kibaraza alipozaliwa, akasikiliza, mvua ikapiga bati, mvua ikakoma, na baada yake hapakuwa na sauti yoyote. Kaka anasema siku ile alimwona dada yake akizunguka bwawa mara nyingi asizozihesabu, kama mtu aliyepoteza funguo.

Mwaka uliofuata halmashauri ya mji iliamua kulisafisha bwawa, kwa sababu ya harufu, na idara ya maji ikamtoa Kiguu awe mshauri, kwa kuwa alikuwa mpima maji na mtoto wa mahali pale, na hakuna aliyeona mtu mwingine anayefaa zaidi. Alilishughulikia kama alivyojua. Akaagiza maji yote yatolewe, tope lizolewe mpaka udongo mgumu, matete yang'olewe kwa kuwa yanaoza, kingo zijengwe kwa ukuta wa saruji ulionyooka, nyasi za pembeni zikatwe kama zulia, kisha bwawa likajazwa kwa maji ya mtambo, maji ya kumpa mtoto mchanga, wakapandikizwa na samaki wagumu wa kula mbu, na ili yasichafuke tena, akamwomba kaka yake afunge bomba dogo kutoka bomba kuu, koki iachwe wazi kidogo, litiririke usiku na mchana. Ijumaa tarehe 13 Septemba 1996 lilizinduliwa, hotuba zikatolewa, na watu walisimama ukingoni wakiangalia chini mpaka sakafuni, wakasema hawajawahi kuona bwawa la namna ile. Kiguu aliambiwa na mkuu wa maabara, mbele za watu, "Sasa vyura wako watakuja na mabegi."

Vyura walikuja. Mvua za Machi 1997 ziliwatoa huko walikokuwa wamejificha, wachache, wakalia kwa siku kadhaa, wakataga, na marehemu aliyekuwa akipita pale kila siku kabla ya kazi aliona mayai yamejishika kwenye saruji, akafurahi, kisha akayaona yakigeuka meupe kama wali uliomwagika. Akapima maji. Vipimo vyote vilikuwa vizuri. Akapima tena, vikawa vizuri zaidi. Ijumaa tarehe 11 Aprili 1997, akizunguka ukuta kutafuta kasoro, alipita chini ya paa la jengo la pampu, mahali mfereji wa bati umevunjika, ambapo palikuwa na karai bovu lililosahauliwa na wajenzi, limejaa maji ya mvua, rangi ya chai, majani yameoza ndani yake, ukoga wa kijani pembeni, maji ambayo yeye asingemruhusu hata mbwa anywe, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wamejaa, weusi, wanene, wakikimbizana. Alisimama kati ya karai na bwawa. Akainama akanusa bwawa lake, akaipata ile harufu aliyokuwa akiwaambia watu kwamba ndiyo mlinzi wao.

Kaka alimkuta pale pale, akamuuliza kulikoni, akasema, "Kaka, maji yangu yameua." Kaka, ambaye mpaka leo hajui kunyamaza panapohitaji kunyamaza, alisema, "Maji safi yameua? Basi kesho mshitaki na mvua," naye Kiguu hakucheka, akamwambia achukue spana. Lakini koki ilikuwa ya idara, si ya ukoo, kwa hiyo kwanza alikwenda kwa mkuu wa maabara, akaeleza akiwa amesimama kama kawaida yake, mkuu akafungua majibu ya vipimo na kusema maji ni salama.

"Salama kwa nani?"

"Kwa wateja, Kiguu."

"Na chura?"

"Chura hajawahi kulipa bili."

Maneno hayo yalisemwa kwa utani, mkuu hakuwa mtu mbaya, na yeye mwenyewe aliyarudia mara nyingi kwenye sherehe za wafanyakazi, lakini jioni ile ile ndugu wawili walifunga koki bila kibali, na Kiguu akapewa onyo tarehe 6 Mei 1997, la pekee katika utumishi wake. Hakulipinga. Alisema onyo limekosewa tarehe tu, lilipaswa kuwa la Septemba iliyopita.

Hapa familia inaomba isemwe wazi jambo lililomsumbua marehemu kuanzia siku hiyo, maana wengi mlimwona akipita na ndoo na koleo, mkadhani ni hobi ya mama mtu mzima. Halikuwa suala la kupenda vyura, ingawa aliwapenda. Bwawa lile lilichafuliwa na wengine, lakini aliyelimaliza ni yeye, kwa ujuzi wake mwenyewe, akishangiliwa, na alikuwa akisema hawezi kwenda kulala chini ya udongo akiacha juu yake udongo aliouharibu. Alitaka kuona vyura wakikulia mle tena kabla hajafa. Hilo tu. Na kila alipodhani amefika, alikuta njia inaendelea.

Koki ilipofungwa, dawa ikapotea majini, mvua za mwaka uliofuata mayai hayakugeuka meupe, viluwiluwi wakatoka, na samaki wakawala. Waliosalia wakaota miguu, wakataka kutoka nchi kavu, kwa sababu chura mdogo mkia ukianza kuisha hawezi tena kuishi majini kama zamani, nao wakakuta ukuta wa saruji, umenyooka, laini, aliousimamia Kiguu mwenyewe na pima-maji ya fundi mwashi, wakauparamia na kuanguka, wakauparamia na kuanguka, hadi wakazama. Aliwaokota kwa kiganja. Mume wake anasema kwamba wiki hiyo alitembea ndani ya nyumba na viatu.

Aliomba kibali cha kuvunja ukuta upande mmoja, akazungushwa, akazunguka, na kwa kuwa kuzunguka ndiko alikokuwa amezaliwa nako, karani wa halmashauri ndiye aliyechoka kwanza, akamwekea kiti chake maalumu mlangoni, ambacho Kiguu alikitumia kuwekea mkoba. Alistaafu kwa hiari tarehe 14 Machi 2013, siku aliyotimiza miaka hamsini na mitano, na kibali kikapatikana tarehe 20 Agosti 2014. Yeye na kaka walibomoa ukuta wa mashariki kwa nyundo na patasi, wakamwaga udongo na mawe mpaka pakawa na mteremko mpole kama ule wa utotoni, na matete akayafuata mbali, akayabeba kichwani yakichuruzika mgongoni, akayapanda. Kaka alilalamika kwamba katika umri wao watu hucheza bao, akajibiwa acheze, ila nyundo aiache karibu.

Kwa waosha magari alikwenda zaidi ya mara zinazokumbukwa. Mkubwa wao, ambaye wote tunamwita Povu na ambaye yuko hapa, mwanzoni alimwambia, "Mama, vyura wako wananuka kuliko sabuni yangu," akamjibu, "Wananuka mwanangu, lakini hawajamuua mtu," na wakabishana hivyo kwa miaka, mpaka Povu akachimba shimo la kokoto la kuzuia mafuta, kwa sharti kwamba asisikie tena neno chura kabla ya saa nne asubuhi. Sharti hilo marehemu hakulitimiza.

Samaki waliondoka bila kuondolewa. Kiangazi cha mwaka 2016 kilikuwa kikali, bwawa likakauka mpaka likapasuka nyufa, watu wakaona msiba, yeye akaona mlango, kwa sababu bwawa linalokauka mara moja moja samaki halimfai, chura linamfaa. Mvua ziliporudi, vyura wakalia kwa nguvu kiasi kwamba jirani mmoja alikwenda kulalamika. Tulimpongeza. Alituambia tusimpongeze. Akasema kulia si kitu, dume la chura hulia hata kwenye mtaro wa sabuni, hata mayai si kitu, hata viluwiluwi si kitu, maji hayajafaa mpaka aliyezaliwa ndani yake atoke kwa miguu yake minne, akaondoke zake nyasini. Na kweli, mwaka 2018 walitoka, na wiki ile ile mashine ya halmashauri ikapita kukata nyasi, kama alivyoagiza yeye mwaka 1996, na agizo lake lilikuwa bado linafuatwa. Mwaka 2019 jua liliwahi, likayakausha maji kabla ya miguu. Mwaka 2020 hadi 2022 sababu zilikuwa nyingine, hatutazitaja zote, ila kila mvua zilipokoma alikuwa na jambo jipya la kurekebisha na mwaka mmoja pungufu wa kurekebishia.

Maradhi yalianza na miguu. Tarehe 15 Novemba 2021 aligundulika kuwa figo zake zimechoka, na kuanzia Januari 2022 akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, akiwa amefungwa mirija kwenye kiti, yeye, kwa saa nne. Wauguzi wa kitengo hicho watatusamehe tukisema walipata kazi. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajakubali sindano, aliuliza maji ya mashine yanatoka wapi na kama yameondolewa dawa, muuguzi akashangaa, akamweleza kwamba ndiyo, yanapitishwa kwenye mkaa, kwa sababu maji ya bomba anayokunywa mtu salama yakikutana na damu yake moja kwa moja humdhuru. Kiguu akasema, "Hayo nayajua. Mimi sasa ni kiluwiluwi, nichungeni vizuri." Tangu siku hiyo wauguzi walimwita hivyo, naye akaitikia.

Mvua za mwaka huu, 2023, zilianza Machi. Tarehe 2 Aprili alishikwa mkono na kaka huku na mume wake kule, akafikishwa bwawani kwa mara ya mwisho, akaona mayai katikati ya matete, meusi, mazima, akauliza tu nani atazuia mashine ya nyasi, Povu akasema yeye. Tarehe 4 Mei alilazwa na hakutoka tena. Kitandani aligeuka huku na huku, akatoa miguu nje ya shuka, akaomba dirisha lifunguliwe, akaomba lifungwe, na kila aliyeingia aliulizwa habari za bwawa, na kila aliyejibu kwamba wote wazima, wanaendelea vizuri, alitazamwa na kuambiwa, "Usinipoze. Umeinama ukaangalia, au umepita na gari?" Hakuna aliyekuwa ameinama. Kwa hiyo alimgeukia mume wake, mtu ambaye katika miaka thelathini na tisa ya ndoa hakuwahi kushuka mpaka majini, akamwambia, "Fundi, nenda wewe. Wewe huoni usichokiona."

Jumanne tarehe 16 Mei, kumepambazuka, shemeji yetu fundi alikwenda. Yeye na kaka walishuka mteremko wa mashariki, na kwa kuwa magoti yake hayakunji, alilala kifudifudi kwenye tope kwa shati lake la kwendea mjini, akaweka lenzi jichoni, akabana pumzi kama afanyavyo mezani, akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba kaka alimwita kuhakikisha yu hai. Saa ya kutazama wagonjwa alifika wodini bila kubadili nguo, tope limemkauka kifuani, mlinzi wa mlangoni akisita kumruhusu, na marehemu alipoliona shati lile, aliacha kugeuka.

Alimuuliza kama aliona miguu ya mbele, akajibu imetoka yote miwili, myembamba kama mshale wa sekunde. Alimuuliza kuhusu mkia, akajibu umebaki kama kichwa cha kiberiti kilichoungua. Akamuuliza kwa sauti ndogo walikuwa wapi, majini au nje, na fundi akasema, "Nje, mke wangu. Nyasini. Mmoja alinipanda mkono, akapumzika, akashuka upande wa pili, akaenda."

"Alikwenda upande gani?"

"Alinipa mgongo. Hakurudi majini."

Marehemu alilaza kichwa juu ya mto wake. Binti yake mkubwa, aliyekuwapo, anasema hakuwahi kumwona mama yake akiwa ametulia mikono yote miwili kwa wakati mmoja, na aliogopa, akadhani ndiyo basi, lakini baada ya kitambo mama akafumbua macho na kusema mwaka mmoja si jibu, mwakani waangaliwe tena, na hilo shati lifuliwe kwa maji baridi. Alifariki Jumapili tarehe 21 Mei 2023, asubuhi, mume wake akiwa amekaa pembeni yake, kwenye kiti alichokalia tangu jana yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimvumilia mgonjwa aliyewakagua, majirani waliopika na kuchota maji siku hizi tatu, wafanyakazi wa idara ya maji wa zamani na wa sasa, karani wa halmashauri aliyekileta hapa kile kiti, na vijana wa kuosha magari ambao tangu juzi wamefunga kituo chao.

Kuna tangazo moja. Njia ya kwenda makaburini inapita kando ya bwawa, upande wa mashariki, na msimu huu vyura wadogo wanavuka. Kwa hiyo magari yatabaki hapa. Tutakwenda kwa miguu, jeneza litatangulia, na tunaomba kila mtu, hata mwenye huzuni kubwa, aangalie anapokanyaga. Povu atasimama pale kuelekeza.

Katika waliotajwa humu, baba alitangulia mwaka 1981, mama mwaka 2004, mkuu wa maabara mwaka 2009, na mwalimu wa sayansi zamani zaidi. Walio hai ni mume wa marehemu, watoto wake watatu na wajukuu watano, kaka yake fundi bomba, mdogo wake anayesoma hapa, karani, na Povu. Kiguu, umefika, pumzika, kutembea tumekupokea.

Na wale wa bwawani, shemeji alikwenda tena leo, Jumatano tarehe 24, kabla hatujakusanyika, ndiyo maana mnamwona na tope. Hadi asubuhi walikuwa hai.